Mkalimani asimame wapi?

Ukitazama ramani ya kanisa linalotarajiwa kujengwa popote huku kwetu Kivu ya Kaskazini, utaona karibu kila mtu amepewa nafasi yake. Mhubiri ana mimbari, wazee wa kanisa wana viti vyao mbele, waimbaji wana kona yao, hata wageni wa heshima wana mlango wao. Mtu mmoja hana mahali: mkalimani. Siku ya ibada atasimama palipobaki, kwa kawaida kando ya mhubiri na hatua moja nyuma, akijitahidi asimzibe mkubwa wala asizibwe naye. Wengi huliona jambo dogo. Mimi naliona ni dalili. Linaonyesha kwamba tunajenga makanisa ya kutazamwa, ilhali kazi ya kwanza ya nyumba hizo ni neno kumfikia kila aliyeketi ndani. Na sisi wanafunzi wa lugha, tunaokaa kimya kila kamati ya ujenzi inapokutana, tuna la kusema hapo.

Nazungumza hasa juu ya Walikale, ninakotoka. Ni wilaya kubwa kuliko zote katika jimbo letu, zaidi ya kilomita za mraba 23,000 za vilima, mito na msitu wa mvua. Ina sekta mbili, Bakano na Wanianga. Kinyanga, Kikano, Kikumu na Kitembo husikika humo, na ukielekea Masisi unakutana na Kihunde na Kinyarwanda. Kiswahili kinatuunganisha, ila hakimfikii kila mtu kwa kiasi kimoja. Mama mzee aliyelima maisha yake yote ng'ambo ya mto Lowa anaweza kununua chumvi kwa Kiswahili bila taabu. Mahubiri ya nusu saa juu ya neema na haki ni jambo jingine. Kwa ajili yake yuko mkalimani. Nimefanya kazi hiyo mara nyingi tangu nikiwa shule ya sekondari, Kiswahili upande mmoja na Kinyanga upande wa pili, na nimejifunza kwamba mkalimani haangushwi na msamiati peke yake. Mara nyingi anaangushwa na nyumba.

Tuanze na maneno, maana hilo ndilo shamba letu. Neno kanisa limetujia kutoka Kiarabu, na nyuma ya Kiarabu kuna Kiaramu, ambamo neno la ukoo huohuo lilimaanisha mkusanyiko wa watu. Walitangulia watu, kisha jina lao likahamia kwenye jengo. Hekalu, ambalo Waprotestanti wengi wa Kongo hulitumia kwa jengo lenyewe, limepita njia nyingine. Nalo lilitoka Kiarabu, lakini mizizi yake inafika Kiakadi na hatimaye Kisumeri, ambako lilikuwa "nyumba kubwa", yaani jumba la mfalme. Kumbe tunaposema "kanisa limejenga hekalu", ndani ya maneno matatu tumekutanisha mkusanyiko wa watu na jumba la mfalme. Baraza nalo limesafiri kinyume cha kanisa. Pwani, baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa kukaa na kuongea. Kutoka hapo likawa jina la watu wanaoshauriana, mpaka tukapata baraza la mawaziri. Hapa kwetu, mtu akisema wazee wako barzani, hujui kama anataja mahali au kikao, na huna haja ya kujua. Neno moja lilitoka kwa watu likaenda kwenye kuta, la pili likatoka kwenye kuta likaenda kwa watu. Wasemaji walishaona kwamba nyumba na mazungumzo haviachani.

Katika historia ya Uprotestanti, waliolifikiria jambo hili kwa bidii kubwa ni Wamethodisti wa mwanzo kule Uingereza. Wakristo wengi wa Walikale ni wa jumuiya nyingine, za Kibaptisti na za Kipentekoste miongoni mwake, lakini swali ni letu sote. John Wesley alianza kuhubiri nje, uwanjani, karibu na mji wa Bristol mwaka 1739. Waliomsikiliza walikuwemo wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, watu wa mashimo kama hawa wetu wa Bisie, ambao makanisa ya parokia hayakuwajali sana. Mwaka huohuo ikaanza kujengwa Bristol nyumba iliyoitwa New Room, ambayo ingali imesimama mpaka leo. Wesley hakutaka kuachana na Kanisa la Uingereza, kwa hiyo nyumba kama hizo hazikuitwa makanisa. Ziliitwa nyumba za kuhubiri, na baadaye chapeli. Jina lenyewe la nyumba ya kuhubiri ni maelezo ya kazi: hapa mtu atasema na watu watasikia.

Mwaka 1757 Wesley aliliona kanisa jipya la Wapresbiteri katika mji wa Norwich, lenye kuta nane badala ya nne. Lilimvutia sana, na katika miaka iliyofuata akawashauri watu wake wajenge kwa umbo hilo pale ardhi inaporuhusu, kwa sababu linaifaa sauti ya msemaji. Chapeli ya Heptonstall katika Yorkshire, iliyojengwa 1764, ina kuta nane na ingali inatumika. Ilipofunguliwa chapeli kubwa ya City Road, London, mwaka 1778, ilikuwa ya mstatili, lakini iliwekewa roshani pande zake ili watu wengi wakae karibu na mimbari badala ya kurundikana mbali nyuma. Maumbo yalibadilika, swali likabaki lilelile: yule wa mwisho atasikia?

Wamethodisti walipofika upande huu wa Afrika walianza na sikio. Mwaka 1862 Thomas Wakefield alifika Mombasa pamoja na Ludwig Krapf, wakaanzisha kituo cha Ribe. Krapf huyo ndiye aliyeacha kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Huku Kongo, Askofu Walter Lambuth alifika kwa chifu Wembo Nyama, nchi ya Watetela, mwaka 1912. Aliyefuatana naye alikuwa John Wesley Gilbert, Mmarekani Mweusi, msomi wa Kigiriki aliyewahi kufanya utafiti wa mambo ya kale huko Ugiriki. Gilbert alijifunza Kitetela na kuanza kukiandika kabla halijawekwa tofali lolote la misheni. Basi lugha ilitangulia jengo. Lakini kilichoenea baadaye katika vijiji vyetu, kwa jumuiya karibu zote, ni umbo bila sababu yake: mstatili mrefu, mlango nyuma, mimbari mwisho kabisa, mabati juu.

Tupime gharama ya umbo hilo. Chukua kanisa la mita 20 kwa mita 10. Mimbari ikiwa kwenye ukuta mfupi, aliyeketi katika pembe ya nyuma yuko mita zaidi ya 20 kutoka kwa mhubiri. Sasa ihamishie mimbari katikati ya ukuta mrefu, na mabenchi uyapange yakiielekea. Aliye mbali kuliko wote sasa yuko mita 14 hivi. Hukuongeza tofali hata moja wala msumari. Na tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni hubaki na robo tu ya nguvu yake. Zipo nyumba za ibada za zamani Uingereza, za Waprotestanti waliokuwa nje ya kanisa la taifa, zilizowekwa mimbari kwenye ukuta mrefu namna hiyo. Umbo la pembe nane lina faida yake pia: eneo lilelile la mita za mraba 200 lingezungushiwa ukuta wa mita 52 hivi badala ya 60. Ila paa lake linataka seremala hodari na mbao nyingi za kukatwa kwa vipimo vigumu. Kwa hiyo sisemi tujenge kama Heptonstall. Nasema tugeuze mimbari.

Mwanaisimu anajua kwa nini mita sita zina uzito. Katika usemi, irabu ndizo zenye nguvu. Konsonanti nyingi ni hafifu, na ndizo zinazopotea kwanza katika umbali, kelele na mwangwi. Katika lugha ya toni kama Kinyanga, msikilizaji wa nyuma huweza kupata kupanda na kushuka kwa sauti huku akikosa konsonanti zinazotofautisha neno na neno. Anapata wimbo bila maneno. Kiswahili nacho hakina kinga. Mwondolee msikilizaji konsonanti ya kwanza, hataweza kujua kama mhubiri amesema tutoke dhambini au tutoke kambini. Watu wa Walikale na Masisi waliolala katika kambi za wakimbizi wataelewa kwamba hizo ni habari mbili tofauti sana. Mkalimani akiwa amesimama nyuma ya bega la mhubiri, sauti ikienda mbele na mwangwi ukimrudia kutoka ukuta wa mwisho, naye ni mmoja wa wasiosikia vizuri. Anachokisia yeye ndicho mama mzee atakachopeleka nyumbani.

Halafu kuna mabati, au manjanja kama tunavyosema. Bati la mikunjo lilisajiliwa London mwaka 1829 na Henry Palmer, mhandisi wa bandari, na matumizi yake ya kwanza yalikuwa kuezekea banda la bidhaa gatini. Kwa kazi hiyo lilifaa sana, maana shehena haina masikio. Sisi tumeliweka juu ya vichwa vya watu waliokuja kusikiliza, katika nchi ya msitu ambako mvua haifuati ratiba ya ibada. Ikishuka, mhubiri hupandisha sauti, kisha hupiga kelele, kisha waimbaji huombwa waimbe mpaka ipungue. Sitaki kuwarudisha watu kwenye majani. Majani ni matulivu, lakini yanavuja, yanaungua na yanataka kubadilishwa kila mara. Mama zetu wana haki ya kupenda bati. Dawa ni dari. Hata dari ya mikeka iliyosukwa au ya mianzi iliyopasuliwa, ikiachiwa nafasi chini ya bati, hupunguza kishindo cha mvua na kumeza sehemu ya mwangwi. Mafundi wa kusuka mikeka tunao. Lakini bajeti nyingi za makanisa nilizoziona huweka mnara na vigae mbele, na dari, plafo, hubaki kuwa jambo la "Mungu akijalia".

Najua pingamizi la kwanza: kanisa refu lina heshima, jicho linavutwa mbele kama njia ya kwenda kwa mfalme. Ni kweli, na sidharau. Kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, lililoanzishwa 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, ni refu, lina paa la kuba lililojengwa kwa saruji na matumbawe, na anayeingia hunyamaza mwenyewe. Aliyelisimamia, Askofu Edward Steere, alikuwa mtu wa lugha kuliko wengi wetu. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka 1870. Lakini nyumba ya namna hiyo inafuata ibada ya maandamano na ya sala zinazoimbwa, na sauti inayoimbwa polepole hupata msaada katika mwangwi. Mahubiri ya haraka yanayopita katika lugha mbili hayapati msaada huo. Jengo la heshima kwa ibada moja laweza kuwa mzigo kwa ibada nyingine. Anayelitamani Mkunazini kwa ajili ya kijiji chake aulize kwanza watu watafanya nini ndani yake.

Pingamizi la pili ni vipaza sauti. Kwa nini kuhangaika na mimbari wakati kuna spika na jenereta? Kwanza, jenereta inakunywa mafuta, na mafuta yakifika Walikale bei yake imeshapanda njiani. Pili, kipaza sauti kinaongeza ukubwa wa sauti, hakiongezi uwazi wake. Katika nyumba yenye kuta tupu na bati tupu, sauti kubwa huzaa mwangwi mkubwa. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, kipaza sauti mara nyingi ni kimoja. Mhubiri akimaliza sentensi humpa mkalimani, mkalimani humrudishia, na katika kupokezana huko nusu ya maneno huangukia nje ya chombo. Kwa kawaida nusu inayoanguka ni ile ya Kinyanga.

Wapo watakaosema Wamethodisti wa Uingereza wanatuhusu nini. Basi tuangalie kwetu. Mwaka 1956 Shé-Kárisi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, alimsimulia Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo kwa muda wa siku 12. Maandishi yake yalitoka 1969 kwa kazi ya Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliyekuwa Mnyanga mwenyewe. Rureke hakukaa mwisho wa chumba kirefu. Alisimulia, akaimba, akacheza, vijana wakagonga mti kumpa mwendo, na watu waliomzunguka wakaitikia viitikio. Huo nao ni ujenzi, ingawa hauna tofali: watu wamekaa karibu, wanaonana nyuso, na msikilizaji ana sehemu yake ya kusema. Wesley katika uwanja wa Bristol na Rureke katika kijiji cha Wanyanga wasingekubaliana juu ya mambo mengi, lakini wote wawili waliwaweka watu karibu na mdomo.

Pingamizi la tatu ni zito. Mapema 2025 vita vilifika Masisi-Centre, kisha Walikale-Centre. Katika nchi kama hiyo, ni nani ana muda wa kujadili mahali pa mimbari? Jibu langu ni kwamba vita ndivyo vinavyolifanya jambo hili kuwa la haraka. Watu wakikimbia, hulala makanisani na mashuleni. Kanisani ndipo orodha za msaada husomwa, ndipo watu huambiwa maji gani yasinywewe na njia gani imefungwa. Nimeona orodha ya majina ikisomwa chini ya mvua: walio mbele waliinuka kwenda kupokea, walio nyuma walikuwa wanatazama midomo. Asiyesikia jina lake hakosi mahubiri tu, anakosa unga. Na mara nyingi wanaokaa nyuma ni wageni, waliofika jana, wenye lugha isiyo ya wenyeji. Vikao vya kupatanisha jamii navyo hufanyika humohumo, mara nyingi kwa lugha mbili au tatu.

Tazameni jinsi Kiswahili kinavyolijenga jambo hili. Kusikia kunaweza kutokea bila kutaka; kusikiliza kunataka nia; na tukiongeza kiambishi cha kutendana tunapata kusikilizana, ambako huku kwetu ni kupatana, kuishi bila ugomvi. Masikilizano ni neno la amani, lakini mzizi wake uko sikioni. Sidai kwamba dari ya mikeka italeta amani Kivu. Nadai tu kwamba watu hawawezi kufika kwenye hatua ya tatu ya neno hilo katika nyumba inayowanyima hatua ya kwanza.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa kamati yoyote inayojenga au kukarabati. Mimbari iende kwenye ukuta mrefu. Dari itangulie mnara. Na mkalimani apewe jukwaa lake, la kimo kilekile na la mhubiri, mahali anapouona uso wa mhubiri na kuwaelekea watu wa lugha yake, ambao watakaa upande huo. Mabenchi yake yawe karibu, maana kama wasikilizaji wake ni wachache na wazee, hakuna sababu ya kuwatafsiria kutoka mbali.

Kwetu sisi wanafunzi napendekeza kazi. Twende kwenye makanisa ya nyumbani wakati wa likizo tukiwa na futi ya kupimia na orodha ya maneno 20 yanayofanana kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji. Mmoja asome mimbarini, wengine wakae pembe nne na wataje walichosikia. Tufanye hivyo siku kavu, kisha siku ya mvua. Hakuna mashine inayohitajika. Matokeo yake yanaweza kuwa kazi nzuri ya mwisho wa masomo, na yatampa mchungaji kitu cha kuweka mbele ya kamati zaidi ya malalamiko. Fundi akishafungua ramani yake mezani, mmoja wetu awepo na amwombe aonyeshe kwa kidole mahali mkalimani atakaposimama. Asipoweza, kalamu ya risasi bado inafutika, ukuta haufutiki.